Kufufua Njia ya Kuingilia Jumba la Kihistoria: Mwongozo Kamili

Njia ya kuingilia jumba la kale huanza kuharibika chini na pembeni, lakini wengi wanaotaka kuifufua huanzia juu na katikati. Wanaagiza tipa za kokoto, zinamwagwa na kusambazwa, njia inapendeza kwa msimu mmoja wa mvua, kisha mashimo yanarudi palepale yalipokuwa. Mwongozo huu unafuata mpangilio tofauti: kumbukumbu, maji, mizizi, mandhari na upandaji, na kokoto mwisho kabisa. Anayevuruga mpangilio huo hulipa mara mbili. Mtaro unaochimbwa baada ya tabaka la juu kukamilika hulivunja tabaka hilo, na tipa zinazopita chini ya miti mikubwa kabla mizizi haijalindwa huweza kuua kilekile kilichowafanya watu waione njia hiyo kuwa ya kihistoria.

Soma njia kabla ya kuigusa

Kusanya ramani zote za zamani za eneo, picha za kale, picha za angani na daftari za matumizi ya jumba kama zipo. Kama eneo lina vipimo vya leza vilivyopigwa kutoka angani, vitazame: mistari ya njia zilizoachwa na vishimo vya miti iliyong'olewa huonekana hata chini ya majani mengi. Wakati wa kiangazi kikali nyasi zilizo juu ya mawe ya zamani hukauka mapema kuliko jirani zake, na ukipanda ghorofani unaweza kuona mkondo mzima wa njia ya awali ukiwa umechorwa kwa rangi ya majani makavu.

Usidhani kwamba kila kilichopo kiliwekwa siku moja. Pale Oak Alley, Louisiana, Marekani, mialoni 28 iliyopangwa katika safu mbili ilipandwa mwanzoni mwa karne ya 18, ilhali jumba lenyewe lilijengwa kati ya 1837 na 1839, kwa kazi ya watu waliokuwa watumwa. Kwa hiyo njia, miti, lango na jumba vinaweza kuwa na umri tofauti kabisa, na uamuzi wa kurejesha njia "ilivyokuwa" hauna maana mpaka useme ilivyokuwa mwaka gani. Andika mwaka huo katika ukurasa wa kwanza wa mpango wako. Utakuepusha na mabishano mengi baadaye.

Kisha chimba mashimo ya uchunguzi. Matatu au manne yanatosha kwa njia ya mita 400: moja karibu na lango, moja kwenye kona, moja kwenye mteremko na moja mbele ya jumba. Kila shimo liwe na upana wa nusu mita, na likate ukingo wa njia ili nusu yake iwe ndani na nusu nje. Hapo utajua upana halisi wa zamani, kwa kuwa nyasi huwa zimesogea ndani mwaka hadi mwaka. Njia nyingi zinazoonekana leo kuwa na mita 2.5 zilikuwa na mita 3 au zaidi.

Soma matabaka. Ukikuta mawe makubwa yaliyosimamishwa kwa mkono, yamebanana, na juu yake mawe madogo, huo ni ujenzi wa mtindo wa Thomas Telford, mhandisi wa barabara kutoka Uskoti. Ukikuta mawe madogo tu yaliyopondwa, yote ya ukubwa unaokaribiana na yenye pembe kali, huo ni mtindo wa John Loudon McAdam, mjenzi mwingine wa barabara kutoka Uskoti, ambaye alitaka mawe yasizidi wakia 6 kwa uzito, yaani kama gramu 170. McAdam alishikilia kwamba udongo wa asili ukiwa mkavu ndio unaobeba mzigo, na kazi ya mawe ni kuuwekea paa. Ukikubali hoja hiyo, nusu ya maamuzi yako yamekwisha fanyika. Msingi wa zamani ukiwa bado umeshikana, usiuchimbe. Usafishe, uutengeneze mgongo (katikati iinuke kuliko kingo), ujenge juu yake.

Kabla ya kugusa chochote, ulizia pia kama eneo lina ulinzi wa kisheria. Mara nyingi ulinzi haukomei kwenye jumba. Hufika kwenye nguzo za lango, kuta, mitaro iliyojengwa kwa mawe na hata mti mmojammoja. Miti mikongwe yenye mashimo mara nyingi ina popo na ndege, na kukata wakati wa kutaga ni kosa katika nchi nyingi.

Maji

Hapa ndipo kazi ilipo. Mvua kubwa ikinyesha, vaa buti utembee njia nzima ukiwa na kopo la rangi ya kupulizia. Weka alama mahali maji yanapoingia njiani, yanapokimbia na yanaposimama. Ramani ya dakika ishirini kwenye mvua ina thamani kuliko siku nzima ya kupima kwenye jua.

Njia ya kokoto inahitaji mgongo, yaani katikati iinuke na pande zote mbili ziteremke. Mwinamo unaofaa ni kati ya 1 kwa 40 na 1 kwa 30. Kwa njia yenye upana wa mita 3.6, nusu yake ni mita 1.8, kwa hiyo katikati ipite kingo kwa milimita 45 hadi 60. Chini ya hapo maji husimama kwenye alama za magurudumu. Ukizidisha sana, magari yote hupanda katikati, mfereji wa magurudumu unachimbika, na kokoto zinateremka pembeni. Jambo ambalo mafundi wengi hulikosea: mgongo hutengenezwa kuanzia udongo wa chini na kurudiwa katika kila tabaka. Ukisawazisha chini kisha ukatafuta mgongo kwa kurundika kokoto katikati, maji yatapenya, yatafika kwenye sakafu bapa na kukaa hapo yakiulainisha udongo.

Tengeneza ubao wa kupimia: ubao ulionyooka wenye urefu wa mita 1.8, upande mmoja uwe na mguu wa milimita 50, na juu yake weka pima maji. Mwisho usio na mguu ukae katikati ya njia, mguu ukae ukingoni. Pima maji ikituama, mgongo uko sawa. Pima kila mita 5. Kwenye kona kali badilisha mgongo uwe mwinamo wa upande mmoja kuelekea ndani ya kona, na mabadiliko hayo yasambae katika mita 10 hadi 15, yasiwe ya ghafla.

Baada ya mgongo, mabega. Nyasi za pembeni hukua, hunasa vumbi na majani, na baada ya miaka huwa zimeinuka sentimita 10 au zaidi juu ya njia. Hapo njia imegeuka kuwa mto. Hili ndilo kosa la kwanza la kutafuta kwenye njia yoyote ya kale inayosombwa, na dawa yake ni rahisi: kata tabaka la nyasi, ondoa udongo uliozidi, rudisha nyasi zikiwa chini ya ukingo wa njia kwa milimita 20 hadi 30. Kwenye mteremko toboa mikato ya kutolea maji katika bega, yenye upana wa sentimita 30, kila mita 10 hadi 20, ikielekea mtaroni au kwenye nyasi zilizo chini zaidi. Kadiri mteremko unavyokuwa mkali ndivyo mikato inavyosogeleana.

Mteremko wa urefu wa njia ukizidi 1 kwa 15, mgongo pekee hautoshi; maji hukimbia kufuata njia kabla hayajafika pembeni. Weka mifereji ya kukatiza, ya mawe au mbao ngumu, ikikata njia kwa mshazari wa nyuzi 30 hadi 45. Ikikatwa mraba kabisa, magurudumu mawili hugonga kwa pamoja na mchanga hujaa ndani. Mshazari husafishwa na maji yenyewe. Mwishoni mwa kila mfereji weka shimo la kunasa mchanga, lenye kina cha sentimita 40 chini ya bomba la kutokea, na mfuniko unaoinuliwa na mtu mmoja. Mfuniko mzito hauinuliwi na mtu, basi shimo halisafishwi.

Kalavati zinazopita chini ya njia zisipungue kipenyo cha milimita 300. Bomba la milimita 150 linatosha kwenye karatasi, lakini majani na vijiti huliziba, na hakuna njia ya kulisafisha ila kuchimba. Mwinamo usipungue 1 kwa 100. Kalavati za kale za matofali au mawe zichunguzwe kwa kamera au kioo kabla ya malori kupita: matofali yanayodondoka kutoka juu ya tao ni ishara kwamba lazima ulipunguzie mzigo au ulijenge upya. Na miisho yake ijengwe kwa mawe yanayofanana na ya kuta za eneo. Bomba la plastiki linalochungulia kwenye nyasi huharibu sura ya njia nzima, hata kama kila kitu kingine kimefanywa kwa ustadi.

Mizizi

Mizizi mingi ya mti iko katika sentimita 60 za juu za udongo, na husambaa mbali kupita matawi. Kipimo kinachotumika Uingereza ni rahisi kukumbuka: pima kipenyo cha shina katika kimo cha mita 1.5, zidisha kwa 12. Hiyo ndiyo nusu kipenyo ya duara la kulinda. Mti wenye shina la sentimita 80 unahitaji duara la mita 9.6 kila upande. Kwenye njia iliyopangwa miti, maana yake ni kwamba karibu njia yote iko ndani ya maduara hayo.

Kuna maadui watatu: kukata mizizi, kugandamiza udongo, na kufukia. Cha pili hakionekani, na ndicho kinachoua zaidi. Tipa moja iliyojaa ikipita juu ya udongo uliolowa huminya hewa yote, na mti hauonyeshi dalili siku ile. Majani huanza kupungua kileleni baada ya miaka miwili au mitatu, wakati mkandarasi amekwisha ondoka na hakuna anayekumbuka tipa.

Ndani ya maduara usichimbe. Ondoa nyasi kwa mkono, tandaza kitambaa cha jiotekstaili (kinachopitisha maji lakini kinazuia udongo), weka juu yake mkeka wa seli za plastiki wenye kimo cha milimita 100 hadi 200 kulingana na uzito wa magari, ujaze mawe safi yenye pembe ya milimita 20 hadi 40 yasiyo na vumbi lolote. Vumbi likiwemo litaziba nafasi za hewa, na sababu ya kutumia seli itakuwa imepotea. Jaza ukianzia mwisho ulio nje ya mizizi, mashine ikisimama juu ya seli zilizokwisha jazwa, kamwe isikanyage udongo mtupu ulio mbele yake. Njia itainuka, kubali jambo hilo, na uishushe taratibu katika mita 10 kabla na baada.

Ukilazimika kupitisha bomba au waya, tumia mashine ya kupuliza udongo kwa hewa au chimba kwa mkono. Mzizi wenye unene unaozidi milimita 25 usikatwe bila mtaalamu wa miti kuuona. Na zungushia maduara uzio imara kabla lori la kwanza halijafika. Utepe wa plastiki hauzuii dereva aliyechoka.

Mandhari: jumba lionekane lini?

Humphry Repton, mbunifu wa bustani wa Uingereza aliyeishi kati ya 1752 na 1818, alikuwa na msimamo mkali kuhusu jambo hili: njia isizungushwe pasipo sababu inayoonekana, na jumba likishatokea mbele ya mgeni lisipotee tena. Njia ikipinda, pawe na kilima, maji au kundi la miti linaloieleza kona hiyo. Kona isiyo na sababu humfanya mgeni ahisi anachezewa. Frederick Law Olmsted, mbunifu wa mandhari wa Marekani, alitumia mbinu iliyo karibu na hiyo pale Biltmore, North Carolina, miaka ya 1890: njia ya kama kilomita 5 inapita msituni kando ya vijito na vidimbwi, na jumba halionekani mpaka mwisho, linapotokea lote kwa mara moja.

Kwa hiyo kabla ya kupanda au kukata, tafuta kwenye ramani na picha mahali jumba lilipokusudiwa kuonekana mara ya kwanza. Kisha likague eneo hilo kwa kimo sahihi cha macho. Abiria wa gari la farasi la wazi alikuwa na macho karibu mita 2 kutoka ardhini. Dereva wa gari dogo leo yuko karibu mita 1.1. Vichaka vya mita 1.5 ambavyo havikumzuia bibi wa jumba miaka ya 1850 vinamfungia macho mgeni wa leo. Mara nyingi kushusha vichaka hadi sentimita 80 kwenye dirisha moja la mandhari kunarejesha zaidi ya kung'oa miti kumi.

Mwendo nao una hesabu yake. Kwa kilomita 15 kwa saa gari hupita mita 4 kila sekunde, hivyo uwazi wa mita 8 kati ya miti ni sekunde mbili tu, na jicho halitulii. Uwazi wa maana uwe mita 20 au zaidi. Vinginevyo uzibe kabisa.

Vichaka vilivyo njiani mara nyingi vimezeeka kwa namna moja: vimekuwa ukuta. Mirododendroni mikongwe (vichaka vya maua vinavyopenda udongo wenye uchachu) huvumilia kukatwa hadi sentimita 50 hivi, lakini usikate yote mwaka mmoja. Gawa katika theluthi tatu kwa miaka mitatu, ili njia isibaki uchi na ujue kwanza kama inachipua. Angalia pia aina ya kokoto unazoagiza. Kokoto za mawe ya chokaa huyeyusha chokaa kidogokidogo, udongo wa pembeni hupoteza uchachu, na mirododendroni huanza kuwa na majani ya manjano yenye vena za kijani. Watu humwaga mbolea miaka kadhaa bila kugundua kwamba tatizo linatoka njiani.

Safu za miti

Safu mbili zilizopandwa pamoja huzeeka pamoja. Hilo ndilo tatizo lake la asili. Kwenye Long Walk, njia ndefu ya kuelekea kasri la kifalme la Windsor, Uingereza, safu za miti ya elmu zilizopandwa miaka ya 1680 kwa amri ya mfalme Charles II ziliondolewa miaka ya 1940, na nafasi yake ikachukuliwa na miti ya platani na ya jamii ya Aesculus. Baadaye ugonjwa wa elmu wa miaka ya 1970 ukaangamiza mamilioni ya miti ya elmu kote Uingereza, na safu nyingi zilizobaki zikafutika ndani ya miaka michache.

Una njia nne za kuamua. Kwanza, kujaza mapengo. Hufaa tu pengo likiwa la miti mitatu au zaidi mfululizo, kwa sababu mti mchanga uliobanwa na majirani wazee wawili hukosa mwanga na maji, hurefuka ukiinama, na hautakuja kulingana nao. Pili, kuondoa na kupanda upya vipande kwa vipande, kwa mfano mita 100 kila miaka mitano. Salama kwa macho ya wageni, lakini utakuwa na njia ya ngazi-ngazi kwa miaka mia. Tatu, kupanda safu mpya nje ya ile ya zamani na kuziacha za zamani zife kwa wakati wake. Inahitaji nafasi, na safu mpya ziwe nje ya kivuli. Nne, kukata yote na kupanda upya. Ni uamuzi mchungu, na majirani watalalamika, lakini ikiwa zaidi ya nusu ya miti imekufa au inahatarisha watu, ndio pekee unaorudisha safu yenye umbo moja. Tuna upendeleo wetu: pale nafasi ipo, njia ya tatu, pale haipo, ya nne kuliko ya pili.

Chunguza aina kabla ya kuagiza. Miti ya tilia kwenye safu za kale mara nyingi ilizalishwa kwa kulaza matawi ardhini, kwa hiyo yote ni mti mmoja kwa nasaba, na ndiyo sababu inafanana kimo na umbo. Ukijaza kwa miche ya mbegu, kila mmoja utakuwa na tabia yake. Safu ya Clumber Park, Uingereza, yenye miti 1,296 ya tilia katika mistari miwili kila upande, iliyopandwa karibu 1840, ingekosa maana kabisa kama kila mti ungekuwa na umbo lake. Chukua vipandikizi kutoka miti iliyopo uvizalishe kitaluni miaka mitatu au minne kabla. Ukiogopa ugonjwa, basi changanya aina katika maeneo tofauti ya milki, wala usizichanganye ndani ya safu.

Nafasi kati ya miti mikubwa kama tilia na platani ni mita 10 hadi 15. Miti ya wastani mita 6 hadi 8. Shina lisikae chini ya mita 3 kutoka ukingo wa njia, na matawi yaje kupandishwa mpaka magari yapate uwazi wa mita 4.5 hadi 5.

Kupima safu kuna kanuni zake. Pima kutoka mstari wa katikati ya njia, si kutoka ukingo, kwa maana ukingo umesogea. Weka utepe mrefu kuanzia sifuri na usome kila nafasi kwenye utepe huohuo. Ukiuhamisha mti kwa mti, kosa la sentimita 3 kila mara huwa mita moja baada ya miti 33. Tafuta pembe mraba kwa pembetatu ya mita 3, 4 na 5. Simamisha vigingi vya mita 2, kisha tazama ukiwa langoni na ukiwa mlangoni mwa jumba kabla ya kuchimba shimo hata moja. Miti iliyopandwa ana kwa ana hufichua kosa dogo mara moja, iliyopishana husamehe.

Usipande kwenye shimo la mti uliokufa. Kuvu wa Armillaria huishi kwenye visiki na mizizi kwa miaka mingi. Saga kisiki, ondoa mizizi mikubwa, na usogeze mstari mzima kwa nusu ya nafasi.

Mche wenye mzingo wa shina wa sentimita 8 hadi 10 ndio unaotupendeza. Mti mkubwa wa kununuliwa huvutia siku ya kwanza, lakini hukaa miaka ukijiuguza, na mdogo huufikia. Shimo liwe na kina sawasawa na mizizi, na upana mara mbili au tatu. Kitako cha shina, pale mizizi mikuu inapoanza kutanuka, kionekane juu ya udongo. Kukifukia ndiyo sababu ya kawaida ya mti kudumaa na gome kuoza. Rudisha udongo uleule, bila mbolea chini. Kigingi kifike theluthi ya kimo cha mti, ili shina licheze na kunenepa, na kiondolewe baada ya mwaka mmoja au miwili. Tandaza matandazo ya vipande vya mbao kwa unene wa sentimita 8 katika duara la mita 1, yasiguse shina. Wakati wa ukame mwagilia kama lita 40 kwa wiki, polepole, kwa misimu miwili au mitatu. Mifugo na kulungu wakiwepo, kizuizi cha mita 1.8.

Lango

Nguzo za kale zilizojengwa kwa chokaa zizibwe kwa chokaa. Saruji ni ngumu kuliko tofali, hivyo unyevu hutokea kwenye tofali badala ya kiungo, na uso wa tofali hubanduka. Kwa gari la zimamoto mwongozo wa Uingereza hutaka njia ya mita 3.7 na lango la mita 3.1, ulizia la kwenu. Kama nguzo zimebanana kuliko hapo, tafuta mlango wa pili wa huduma kabla ya kufikiria kuzisogeza. Mita 6 za kwanza kutoka barabara kuu zitandikwe mawe au tofali zilizokazwa, ili kokoto zisibebwe na magurudumu hadi barabarani.

Kokoto, hatimaye

Chukua njia ya mita 400 kwa 3.6, yaani mita za mraba 1,440. Tabaka la msingi la mawe yaliyopondwa ya milimita 0 hadi 40, lenye unene wa milimita 150 baada ya kushindiliwa, ni mita za ujazo 216, karibu tani 470. Juu yake changarawe inayojishika, yaani mchanganyiko wa vijiwe, mchanga na udongo kidogo wa mfinyanzi, milimita 50 iliyoshindiliwa: mita za ujazo 72, karibu tani 150. Mwisho tabaka jembamba la kokoto ndogo za milimita 6 hadi 10, unene wa milimita 20, ni mita za ujazo 29, karibu tani 46. Jumla tani 666. Kwa tipa la tani 15 ni safari 45. Zihesabu safari hizo kwenye mpango wa mizizi na kalavati.

Tabaka la msingi lijengwe kuanzia langoni kuelekea jumbani, tipa zikipita juu ya kilichokwisha wekwa. Tabaka la juu lifanywe kinyume, kuanzia jumbani kuja langoni, ili hakuna lori linalorudi juu ya kazi iliyokamilika. Shindilia kwa matabaka yasiyozidi milimita 100 hadi 150. Mashine haifiki chini ya hapo, na utapata ganda gumu lenye ulaini ndani. Changarawe ishindiliwe ikiwa na unyevu wa kutosha kushikana mkononi bila kuchuruza. Ikiwa kavu haishikani. Ikilowa sana hunata kwenye roli ya kushindilia na kububujika. Nje ya mizizi tu ndipo roli itetemeshwe.

Kokoto za juu ziwe na pembe, si za mviringo. Za mviringo hazishikani, huteleza chini ya gurudumu na kukusanyika ukingoni. Ndogo kuliko milimita 6 huganda kwenye soli na matairi. Na jizuie usizidishe unene: zaidi ya milimita 40 baiskeli na viti vya magurudumu huzama, na tairi hulima mifereji. Kokoto legevu hazifai kwenye mteremko unaozidi 1 kwa 10. Huko acha changarawe iliyoshindiliwa tupu, au tandika mawe. Rangi ifanane na ile uliyoikuta kwenye mashimo ya uchunguzi, si ile iliyo kwenye orodha ya muuzaji.

Utunzaji

Kila mwezi rudisha kokoto katikati kwa reki na ng'oa magugu yakiwa machanga. Kabla ya msimu wa mvua safisha mashimo ya kunasa mchanga, kalavati na mikato ya bega. Majani yaliyoanguka yaondolewe: yakioza juu ya kokoto huwa udongo, na udongo huwa nyasi. Baada ya miaka mitatu hadi mitano ongeza milimita 10 za kokoto, ambazo kwa njia yetu ya mfano ni kama tani 23.

Shimo likitokea, usilijaze kokoto legevu. Maji hubaki chini, tairi hupiga, kokoto hurushwa nje, na shimo linatanuka. Likate liwe na kingo za wima hadi kufika tabaka gumu, toa tope lote, jaza mchanganyiko uleule wa changarawe kwa matabaka ya milimita 50, kila moja likishindiliwa, na umalizie milimita 10 juu ya usawa wa njia kwa kuwa litakaa. Mashimo matatu yakijipanga kwenye mstari mmoja, acha koleo na urudi na kopo la rangi mvua ijayo: mgongo umebonyea hapo, au kalavati iliyo chini imeziba.